Umar bin Said: Mwanachuoni Aliyefia Utumwani North Carolina

Mwenye kusoma tarehe za wanavyuoni wetu huzoea kuikuta njia moja. Mtoto huzaliwa katika nyumba ya elimu, akatiwa chuoni, akasafiri kutafuta masheikh, kisha akarudi kwao akakaa msikitini kusomesha. Na siku afapo, mji mzima humsindikiza kaburini. Leo twapenda kuwasimulia ndugu zetu habari za mwanachuoni aliyeianza njia hiyo vizuri, kisha ikakatwa katikati. Alisoma miaka 25. Baadaye akaishi zaidi ya miaka 55 katika nchi ambayo hakuwa na msikiti wa kuswalia, wala mwanafunzi wa kumsomesha, wala jirani aliyeweza kuisoma herufi moja ya mkono wake. Alikufa hali ni mali ya mtu mwingine. Hakuacha mtoto anayejulikana wala shamba wala nyumba. Aliacha karatasi chache zilizoandikwa Kiarabu, na karatasi hizo ndizo zilizotufikishia habari zake.

Mtu huyu ni Umar bin Said, ambaye katika vitabu vya Marekani huandikwa Omar ibn Said. Alizaliwa yapata mwaka 1770 katika nchi ya Futa Toro, bonde la mto Senegal, huko Afrika ya Magharibi. Watu wake walikuwa Wafulani, na dini ya Kiislamu ilikuwa imetangulia kukaa katika bonde lile karne nyingi kabla ya kuzaliwa kwake.

Yatupasa tuieleze kidogo nchi hiyo, kwani bila ya kuijua hatutaujua msiba uliompata. Mwaka 1776, Umar akiwa mtoto wa miaka kama sita, maulamaa wa Futa Toro waliupindua ufalme uliokuwa ukiwaonea raia. Aliyewatangulia alikuwa Sulaiman Bal, na baada yake wakamsimamisha Abdul-Qadir Kan awe imamu wa nchi. Imamu huyo alihimiza kujengwa misikiti na vyuo, akakataza Waislamu kuuzwa utumwani, na mwaka 1785 akawekeana mkataba na Wafaransa, waliokuwa wakinunua watu kwenye mlango wa mto, ili raia zake wasichukuliwe. Ilikuwa kazi njema, nasi twaisifu. Lakini tusifiche upungufu wake. Katazo lile lilimkinga Mwislamu. Utumwa wenyewe haukuondolewa, na asiyekuwa Mwislamu aliendelea kununuliwa na kuuzwa. Soko likabaki wazi. Na soko la watu likiwa wazi kwa jirani, halikawii kumfikia mwenye nyumba.

Katika nchi hiyo ya vyuo ndimo Umar alimokulia. Mwenyewe amewataja waliomsomesha: ndugu yake Sheikh Muhammad Said, na Sheikh Sulaiman Kimba, na Sheikh Jibril Abdal. Alidumu katika kutafuta elimu miaka 25, na alipotosheka akarudi kwao akakaa miaka sita. Ameandika kwamba alikuwa akienda msikitini kabla ya alfajiri baada ya kutawadha, kwamba aliziswali swala zote tano, na kwamba kila mwaka alitoa zaka ya dhahabu na fedha, na ya mavuno na wanyama. Ameandika pia kwamba alihiji Makka. Haya yote aliyaandika akiwa mtu mzima wa miaka 60 hivi, mbali na kila aliyeweza kumshuhudia, na bado aliyapanga moja baada ya moja kama mtu anayehesabu akiba yake.

Mwaka 1807 likaja jeshi kubwa. Mwaka huohuo Imamu Abdul-Qadir mwenyewe aliuawa, baada ya maadui wa nje kuungana na wapinzani wa ndani. Jeshi hilo liliua watu wengi, likamkamata Umar, likampeleka hata bahari kuu, na huko akauzwa kwa Wakristo. Waliomkamata walikuwa watu wa Afrika kama yeye; waliomnunua walikuwa wageni waliokuja kwa bahari. Sisi hatuoni faida ya kuwasema wa pili tukawanyamazia wa kwanza. Dhuluma hii ilikuwa na mikono miwili, mmoja wa kutoa na mmoja wa kupokea, na mmoja usingaliweza kufanya kazi bila ya mwenziwe. Umar alikuwa na umri wa miaka 37.

Safari ya bahari ilichukua mwezi mmoja na nusu, na chombo kikatia nanga Charleston, bandari kubwa ya South Carolina. Wakati ule wafanyabiashara wa bandari hiyo walikuwa wakifanya haraka. Sheria ya Marekani ilikwisha kuweka kwamba, tangu tarehe 1 Januari 1808, ni marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo. Basi kabla ya siku hiyo waliingiza wengi kadiri walivyoweza: tangu 1803, South Carolina ilipoifungua tena biashara hiyo, hata mwisho wa 1807, watu wapatao 40,000 walishushwa hapo. Umar alikuwa miongoni mwa waliofika mwishoni. Lau merikebu yake ingechelewa miezi michache, huenda hatungalikuwa na kisa cha kusimulia. Lakini hayo ni katika kadari, na kadari haibishwi.

Aliyemnunua Charleston aliitwa Johnson. Umar amemweleza kuwa ni mtu mdogo, dhaifu, mwovu, asiyemcha Mungu hata kidogo. Akamtia katika kazi ngumu za shamba. Umar hakuwa mtu wa nguvu. Alikuwa mwembamba wa mwili, na mikono yake ilizoea kalamu na ubao wa chuoni. Aliona kwamba akikaa kwa mtu yule, ama atakufa kwa kazi au ataingizwa katika maovu. Akatoroka. Hakuijua nchi, hakujua lugha, wala hakuwa na mwenyeji. Alikwenda kwa miguu mwezi mzima akielekea kaskazini, hata akafika mji wa Fayetteville katika North Carolina. Kwa mkato wa njia ni zaidi ya maili 160.

Hapo Fayetteville liliingia jambo ambalo kila tulisomapo hutusimamisha. Umar aliona nyumba kubwa, akaingia ndani ili aswali. Ilikuwa kanisa. Mtu aliyetoroka, mwenye njaa, anayetafutwa, alipopata mahali pa kwanza pa kujisitiri, alilolikumbuka ni swala. Kijana mmoja aliyekuwa juu ya farasi akamwona, akaenda kumpasha baba yake habari kwamba yumo mtu mweusi katika nyumba ile. Wakaja watu na mbwa, wakamkamata, wakampeleka gerezani. Alifungwa siku 16.

Yasimuliwa kwamba gerezani alichukua makaa ya moto uliozimika akaandika Kiarabu kutani. Watu wa mji wakaja kutazama. Walizoea kuambiwa kwamba mtu mweusi hana kitabu wala maarifa, na kwamba kwa ajili hiyo ni halali kumtumikisha. Sasa walikuwa mbele ya ukuta ambao hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuusoma, na aliyeuandika ni mfungwa mweusi. Habari zikaenea. Mtu mmoja aitwaye Mumford akamtoa gerezani, akamchukua kwake. Wakamwuliza kama yuko tayari kurudishwa Charleston, naye akakataa kwa mkazo. Kisha akaingia katika milki ya Jenerali James Owen, mwenye mashamba katika wilaya ya Bladen, kando ya mto Cape Fear. Ndugu yake James, aitwaye John Owen, alikuwa gavana wa North Carolina tangu 1828 hata 1830. Katika nyumba hiyo Umar alikaa maisha yake yote yaliyobaki.

Kwa jinsi Umar alivyoandika, akina Owen walimtendea wema. Hawakumpiga wala kumtukana, hawakumwacha na njaa wala uchi, wala hawakumpa kazi asizoziweza. Amewasifu kwa majina. Nasi twampokea kwa kauli yake, kwani yeye ndiye aliyewajua. Ila msomaji akumbuke mambo mawili. La kwanza ni kwamba sifa hizo ziliandikwa na mtumwa katika nyumba ya bwana wake, ambaye siku yoyote angaliweza kumwuza. La pili ni kwamba wema wote ule haukufika kumpa barua ya uhuru. Bwana alimlisha, akamvika, akamwonyesha kwa wageni wake kama mtu aonyeshavyo kitu cha thamani, na miaka zaidi ya 50 ikapita akiwa bado ni mtumwa. Mtu aweza kuwa mpole kwa kitu alichokidhulumu, na upole huo usiiondoe dhuluma.

Wageni wale ndio waliolieneza jina lake. Magazeti yalimwita Moro, au Moreau, na wengine wakamfanya mwana wa mfalme. Wakazidi kusema kwamba huyu si Mwafrika hasa, bali ni Mwarabu aliyepotelea katika nchi ya watu weusi. Hakuwa mwana wa mfalme, wala yeye hakudai hivyo. Alikuwa Mfulani wa Futa Toro. Lakini twaelewa kwa nini walihitaji maneno hayo. Kukiri kwamba mtu mweusi wa Afrika alisoma miaka 25 na kuandika kwa hati iliyo sawa kungeibomoa hoja waliyoijengea mashamba yao. Kwa hiyo walimwacha na elimu yake, wakamnyang'anya asili yake. Nasi tusicheke haraka. Kila mahali wapo watu ambao wakimwona mwenye elimu, humtafutia kwanza nasaba ya mbali itakayoieleza elimu hiyo, kana kwamba kusoma peke yake hakutoshi.

Akina Owen walikuwa Wakristo wa dhehebu la Presbyterian, wakataka Umar aingie katika dini yao. Mwaka 1819 jaji mkuu wa North Carolina, John Louis Taylor, alimwandikia Francis Scott Key, yule aliyetunga maneno ya wimbo wa taifa wa Marekani, akimwomba msaada ili ipatikane Biblia ya Kiarabu kwa ajili ya Umar. Ikapatikana. Mwaka 1820 au 1821 akabatizwa katika kanisa la Fayetteville, na tangu hapo akawa anakaa na waumini wa kanisa hilo, na baadaye wa kanisa la Wilmington. Magazeti ya dini yakashangilia, yakamtaja kuwa dalili ya kwamba Waislamu wataingia katika Ukristo.

Jambo hili hatulifichi wala hatulipunguzi. Ila twataka litazamwe pamoja na maandishi yake mwenyewe.

Katika kikao cha baraza la kutunga sheria kilichoanza mwishoni mwa 1830, North Carolina ilipitisha sheria ya kukataza mtumwa yeyote asifundishwe kusoma wala kuandika; hesabu peke yake ndiyo iliyoachwa. Mzungu akifundisha hutozwa faini ya dola 100 hata 200, au hufungwa; mtumwa akimfundisha mtumwa mwenziwe hupigwa viboko 39. Mwaka uliofuata, 1831, katika jimbo hilohilo, mtumwa wa nyumba ya ndugu wa aliyekuwa gavana alishika kalamu akaandika maisha yake kwa Kiarabu. Sheria haikumkataza, kwa sababu waliyemfundisha walikuwa wamekwisha kumaliza kazi yao miaka mingi nyuma, kando ya mto Senegal. Elimu ile ilipita baharini pamoja naye. Haikuandikwa katika hesabu za merikebu, wala haikupigwa mnada Charleston.

Kitabu hicho ni kidogo, kurasa 15 tu za mkono. Yajulikana kuwa ndiyo tarehe ya pekee iliyosalia ambayo mtumwa wa Marekani alijiandikia kwa Kiarabu. Aliandika kwa hati ya Kimaghribi, kama ilivyo desturi ya Afrika ya Magharibi. Aliombwa na mtu aitwaye Hunter, naye akaanza kwa udhuru: kwamba amesahau mengi ya lugha yake na mengi ya Kiarabu, na wasomaji wasimlaumu. Makosa yamo. Mtu aliyekaa miaka 24 bila ya kupata wa kusema naye Kiarabu hatakosa kuteleza.

Lakini kabla ya kusema neno lolote juu ya nafsi yake, na kabla hata ya udhuru huo, alitanguliza Bismillahi na kumswalia Mtume (S.A.W.), kisha akaandika Suratul Mulk kwa hifdhi yake. Aya za Qurani zilijaza kurasa za kwanza za kitabu cha mtu ambaye magazeti yalikuwa yakimtangaza kuwa ni Mkristo.

Sasa twawaomba ndugu zetu wafikiri. Sura ni 114. Kwa nini achague hiyo? Wengi wetu twaisoma Suratul Mulk kila usiku kabla ya kulala, na watoto wetu huihifadhi mapema. Mwanzo wake wataja kwamba ufalme wote, na umiliki wa kila kitu, umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba Yeye ndiye aliyeumba mauti na uhai ili awajaribu waja, aonekane ni nani miongoni mwao mwenye amali njema zaidi. Neno lenyewe la mulk ni shina moja na neno letu la kumiliki. Mtu aliyemilikiwa na mwingine kwa karatasi za serikali, aliyetakiwa aandike habari zake ili mabwana wasome, alianza kwa kueleza ni nani Mwenye kumiliki kwa haki. Hakuwatukana mabwana wala hakuandika neno moja la uasi. Aliliweka neno hilo wazi mbele ya macho yao, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulisoma.

Hatusemi kwamba twaujua moyo wake. Katika kitabu hichohicho amesema kwamba zamani aliswali kwa Alhamdu na sasa huomba kwa maneno ya Nabii Isa, na zote mbili ameziandika. Mwenye kutaka kumhesabu kuwa Mkristo ana ushahidi wake, na mwenye kutaka kumhesabu kuwa Mwislamu ana wake. Katika dini yetu, aliyelazimishwa kutamka asiloliamini hali moyo wake umetulia katika imani ana udhuru mbele ya Mungu, na kisa cha Ammar bin Yasir chajulikana na kila aliyehudhuria darsa. Na ni kulazimishwa gani kuliko kwa mtu ambaye mwili wake ni mali ya anayemwita katika dini? Sisi twasimama hapo, wala hatumhukumu.

Iko karatasi nyingine ya kutiliwa maanani. Ni ya mwaka 1857, Umar akiwa mzee wa miaka 87 au karibu na hiyo, na ndiyo ya mwisho kati ya maandishi yake yanayojulikana. Ilihifadhiwa kama kumbukumbu, na nyuma yake mtu akaandika kwa Kiingereza kwamba hii ni Sala ya Bwana, yaani ile sala ya Wakristo. Walipokuja wanaojua Kiarabu wakaisoma, waliona ni Suratun Nasr: sura itajayo nusura ya Mwenyezi Mungu, na watu kuingia katika dini Yake makundi kwa makundi, na kumwamrisha Mtume amtakase Mola wake na kumwomba msamaha. Maulamaa wameeleza kwamba sura hiyo ilikuwa ishara ya kukaribia kwa ajali ya Mtume. Mzee aliyekaribia kaburi lake aliandika sura ya kuaga, na waliokuwa naye nyumba moja wakaiweka miaka mingi wakiamini ni sala yao.

Umar alikufa mwaka 1863 au 1864 katika wilaya ya Bladen, na huko akazikwa. Marekani ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1861 na kwisha 1865. Desemba 1865 utumwa ukafutwa katika katiba ya nchi nzima. Uhuru ulimpita kwa miaka isiyozidi mitatu.

Kitabu chake nacho kilisafiri. Katika miaka ya 1830 kilipelekwa kwa Lamine Kebe, mwalimu Mwislamu wa Afrika ya Magharibi ambaye naye alikaa utumwani miaka mingi kabla ya kupata uhuru, na kwa mkono wake kikamfikia Theodore Dwight wa New York. Kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1848, na mwaka 1925 tafsiri ikatolewa katika jarida la wanahistoria wa Marekani. Baadaye asili yake ikapotea isijulikane ilipo kwa miaka mingi, hata ikaonekana mwaka 1995 ndani ya sanduku kuukuu katika jimbo la Virginia. Mwaka 2017 maktaba kuu ya taifa mjini Washington ilikinunua pamoja na karatasi nyingine zinazohusiana nacho, jumla hati 42, na mwaka 2019 ikaziweka kwenye intaneti ili kila mtu azione. Biblia yake ya Kiarabu imehifadhiwa katika chuo cha Davidson, humohumo North Carolina.

Wala hakuwa peke yake. Katika Natchez, mji wa jimbo la Mississippi, alikaa utumwani miaka 40 Abdulrahman Ibrahima wa Futa Jallon, akaachwa huru mwaka 1828 na kufa Liberia mwaka 1829. Katika kisiwa cha Sapelo, pwani ya Georgia, alikuwako Bilali Muhammad, aliyeacha kijitabu cha Kiarabu chenye mambo ya udhu na swala kwa madhehebu ya Imamu Malik. Haya sasa yahesabiwa kuwa sehemu ya turathi ya majimbo ya kusini ya Marekani, pamoja na mashamba ya pamba na mpunga na makanisa ya kale.

Fayetteville, mji uliomkamata Umar na mbwa, leo una msikiti ulioitwa kwa jina lake. Mwaka 2010 serikali ya North Carolina ilisimamisha karibu na hapo kibao cha historia kando ya barabara, kinachomtaja kuwa alikuwa mtumwa, Mwislamu na mwanachuoni. Mwaka 2022 maisha yake yalifanywa mchezo wa kuimba, ukaonyeshwa mara ya kwanza Charleston, bandari ileile alikoshushwa, na mwaka 2023 waliotunga muziki wake, Rhiannon Giddens na Michael Abels, wakapewa tuzo ya Pulitzer. Mtu aliyeingia kanisani kwa kificho ili apate mahali pa kuswali, sasa waumini wa mji ule huadhini na kuswali katika nyumba yenye jina lake.

Tukitazama maisha haya twaona ibra mbili. Ya kwanza ni kwa wazazi. Anachokipata mtoto chuoni akakishika barabara, hakuna bwana awezaye kumvua. Umar alivuliwa nchi, ukoo, jina na uhuru, na miaka 50 baadaye mkono wake uliotetemeka uliweza bado kuandika sura nzima.

Ya pili ni kwetu sisi watu wazima, nayo ni nzito zaidi. Watu wa nyumba ya Owen hawakuwa na lawama kwa kutojua kilichoandikwa katika ile karatasi ya 1857. Haikuwa lugha yao wala kitabu chao. Waliiheshimu, wakaihifadhi, wakaipa maana isiyokuwa yake. Lakini je, sisi tunaoitundika Qurani ukutani, tukaivika kitambaa cha hariri, tukaisoma hitima baada ya hitima bila ya kuuliza aya imesema nini, tumewazidi kwa lipi? Mtu mmoja, katika nchi ya ugeni, aliijua Suratul Mulk kiasi cha kuichagua iseme yale ambayo ulimi wake haukuweza. Aliihifadhi, na aliifahamu. Kuihifadhi kulimwezesha kuiandika. Kuifahamu ndiko kulikomwonyesha mahali pa kuiweka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Umar bin Said, na amlipe kwa subira yake, na aturuzuku sisi na watoto wetu kukisoma Kitabu Chake kwa ulimi na kwa akili. Amin.